Corolla iliyochemka Kitonga: soma hesabu za kompresheni kabla ya kununua injini

SWALI

Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla 110, injini ya 5A. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Morogoro kwenda Iringa, likachemka katikati ya mlima Kitonga. Nilisubiri likapoa, likanywa maji kama lita tatu, nikafika Iringa kwa kulibembeleza. Gereji ya kwanza walitoa themostati (valvu inayoongoza mzunguko wa maji ya kupoza injini) wakaitupa. Tangu hapo nikiwa mjini halichemki, hata nikikaa kwenye foleni, lakini likikuta kilima mshale unapanda. Maji yanapungua na sioni yanapovujia. Asubuhi linawaka kwa tabu, linatikisika kama dakika moja na kutoa moshi mweupe, halafu linatulia. Oili ni safi, haijawa kama maziwa. Fundi mwingine hapa Iringa kapima kompresheni (nguvu ya kila silinda kubana hewa) kapata: silinda ya kwanza 152, ya pili 85, ya tatu 80, ya nne 148. Anasema ringi zote za pistoni zimekufa na hata hiyo 152 ni ndogo, nitafute injini ya mtumba. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba. Pesa ya injini iache mfukoni kwanza. Huyo fundi amekufanyia jambo zuri kwa kupima na kukupa hesabu, maana wengi husikiliza mlio tu wakatoa hukumu. Tatizo ni jinsi alivyozisoma.

Anza na hiyo 152. Kitabu cha Toyota cha 4A-FE, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na hiyo 5A yako, kinataja psi 191 (psi ndicho kipimo cha presha alichotumia fundi wako) kwa injini nzima, kikomo cha chini 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Lakini hesabu hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mtu aliyepo Iringa. Mji huo uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Silinda inavuta kidogo, inabana kidogo. Injini ambayo Dar es Salaam ingesoma 190, Iringa itasoma kama 160 hivi. Kwa hiyo 152 na 148 kwa gari la umri huo ni afya ya kawaida ya mzee anayetembea bila fimbo. Ringi zingekuwa zimekwisha zote, zote zingeshuka. Ringi hazichagui silinda mbili za katikati na kuziacha za pembeni.

Hapo ndipo penye jibu. Silinda ya pili na ya tatu zinapakana, na zimeshuka pamoja, karibu kwa kiwango kimoja. Kati yao gasketi ya hedi (kizibo bapa kinachokaa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) ina ukanda mwembamba tu, na hedi ikipata joto kupita kiasi hapo ndipo gasketi huungua mapema. Silinda moja ikibana, upepo unakimbilia kwa jirani. Hivyo silinda zote mbili zinaonekana mbovu ilhali pistoni na ringi zake huenda ni nzima kabisa.

Nasema huenda, kwa sababu kuna vipimo vitatu vya bei ndogo ambavyo nataka vifanyike kabla ya mtu kushika spana ya hedi.

Cha kwanza ni kurudia kompresheni kwa utaratibu. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitolewe, fyuzi ya EFI ichomolewe ili isimwage mafuta, betri iwe na nguvu, na mtu akanyage ekseleta mpaka chini wakati stata inazunguka. Hilo la ekseleta linasahaulika kila siku. Ukipima koo la hewa likiwa limefungwa, hata injini mpya itakupa hesabu za kukutia hofu. Kisha mwaga kijiko kimoja kidogo cha oili kwenye tundu la silinda ya pili, upime tena, halafu ya tatu. Hesabu ikiruka juu sana, ringi zina kesi ya kujibu. Ikibaki palepale, upepo unatokea juu: gasketi au valvu.

Cha pili ni kompresa. Lete pistoni ya silinda ya pili juu kabisa mwisho wa kubana, ingiza upepo kwenye tundu la plagi, halafu sikiliza. Ukitoka kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ukitoka kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukisikika kwenye mfuniko wa kujazia oili, ni ringi. Mimi natarajia usikie unafoka kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, na mapovu kwenye rejeta.

Cha tatu unaweza kukifanya mwenyewe kesho alfajiri. Gari likiwa la baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, ufunge. Washa. Baada ya dakika moja au mbili minya hozi ya juu. Maji bado ya baridi hayajapata sababu ya kutanuka. Kama hozi imeshakuwa ngumu kama tairi, kuna moto wa silinda unaoingia kwenye njia za maji. Hiyo ingeeleza pia mtikisiko wako wa asubuhi: ukizima gari, presha iliyobaki kwenye rejeta inasukuma maji kidogo kidogo kuingia kwenye silinda usiku, na asubuhi plagi inaamka imelowa. Oili kuwa safi hakuondoi shaka hiyo. Gasketi inaweza kufa kati ya silinda na maji bila kugusa njia ya oili hata kidogo. (Na tafadhali, mfuniko usiufungue gari likiwa la moto. Nina kovu la mkono la tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, na nililipata ndani ya sekunde moja.)

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko yote: Kitonga lilichemka kwa nini? Kuna uwezekano mkubwa gasketi ilikufa kwa sababu ya joto. Ukibadilisha gasketi ukaacha kilicholeta joto, utarudi gereji kabla ya miezi kuisha.

Wewe mwenyewe umetoa dalili nzuri. Foleni halichemki, kilima linachemka. Feni mbovu hufanya kinyume chake: gari linaenda vizuri barabarani kwa sababu upepo unaingia wenyewe, likisimama tu mshale unapanda. Kwa hiyo feni naiweka nyuma. Kilimani injini inazalisha joto jingi na inahitaji maji mengi yapite haraka, na rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi ya maji ya bomba haiwezi kuyapitisha. Gari likiwa la moto, injini imezimwa na feni haizunguki, pitisha mkono karibu na uso wa rejeta. Penye ubaridi katikati ya joto pameziba. Angalia pia mkanda wa alteneta, maana kwenye injini hii ndio unaozungusha pampu ya maji. Mfuniko nao usiudharau. Ulioandikwa 0.9 unashikilia presha inayofanya maji yachemke karibu nyuzi 119 badala ya 100 kule pwani. Raba yake ikichoka, maji ya Iringa yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na gari litatapika lenyewe.

Na themostati irudishwe. Najua kwetu kuitoa ni kama dawa ya kila homa, lakini kwenye injini hii imekaa upande maji yanapoingilia, na ina kizibo cha pili kinachofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tena kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana tangu itolewe kilima kinakushinda zaidi. Nunua inayofunguka nyuzi 82, itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka, kisha ifungwe kile kitundu chenye kipini kikiwa juu ili hewa itoke.

Hedi ikishatoka, ipeleke mashine shopu. Bloku ni chuma, hedi ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana hedi hupinda. Kikomo ni milimita 0.05, kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upenyo), sio kwa jicho. Waipime presha pia kutafuta ufa kati ya viti vya valvu kabla ya kuichonga, usije ukalipia kuchonga hedi iliyopasuka. Boliti ni za urefu wa aina mbili, zisichanganywe. Zifungwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje.

Ukitoa hedi, tazama kuta za silinda ya pili na ya tatu. Kama hazina mikwaruzo inayoshika ukucha, funga injini yako uendelee nayo. Kama zimechanika, hapo fundi wako wa Iringa atakuwa na haki, nami nitakuunga mkono kwenda kutafuta mtumba. Nitumie majibu ya kile kipimo cha kijiko cha oili kabla hujaruhusu hedi ifunguliwe.