Betri ya Land Cruiser yenye winchi: N70 au N100?
Kaka, kama ulivyouliza, kati ya hizo saizi mbili za betri chukua N100, ndiyo kubwa, ila pima kwanza trei ya betri kwenye gari kama itaingia. Winchi (mashine ya kamba ya kulinasua gari) yenye uwezo wa ratili 9,500 ikivuta kwa nguvu zote hula ampea 400 hivi. Altaneta, inayozalisha umeme injini ikiwaka, haifiki hata nusu, kwa hiyo deni lote linaangukia betri. Usiangalie Ah tu (umeme betri inaoweza kuhifadhi), soma na CCA (nguvu inayoweza kutoa kwa mkupuo kwenye baridi). Mfuko ukiruhusu nunua AGM, betri iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo: haimwagi asidi gari likilala upande, na inavumilia mtikiso. Yangu ya maji ilikatika bati za ndani kwa rafu rodi, nikalala kwenye tope mpaka trekta lilipokuja asubuhi. Ukivuta, injini iwe inaunguruma, na terminali ziwe safi, zimekazwa.