Shamba la mjomba lilivyohamia Ureno, na nilivyokuja kuielewa x na y

Jumamosi iliyopita mjomba kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, nikajua tayari kuna msiba. Kumbe shamba limepotea. "Mpwa wangu, simu inasema mikorosho yangu iko baharini." Sasa mjomba yuko Masasi, na ukiwa Masasi bahari unaisikia kwa waliotoka Mtwara mjini. Nikapanda basi kwa nauli yangu (haijarudishwa mpaka leo, mjomba kama unasoma hapa).

Nafika nakuta karatasi ya vijana waliopita kupima: X 38.80, Y -10.72. Desimali nimezikata mimi, zenyewe ni ndefu, mana 0.01 ya digrii ni kilometa moja na ushee, ukibaki na desimali mbili unaweza kwenda kupalilia shamba la mtu. Mjukuu wake kaziingiza kwenye ramani ya simu vilevile zilivyopangwa, ramani ikampeleka Atlantiki, magharibi ya Lisbon kule Ureno, maji matupu. Jirani akamwambia geuza, akageuza, ila kale kamstari ka hasi akaona ni uchafu wa printa akakaacha, shamba likahamia Ethiopia. Mzee presha juu. Mi nikaandika -10.72, 38.80, tukatua Masasi. Nikakaa kimya kidogo ili wanitazame vizuri.

Wanitazame kwa sababu mimi mwenzenu hiki kitu kilinidhalilisha shule. Kidato cha pili, mwalimu kaniita ubaoni, weka nukta (0,4), nikaiweka kwenye mhimili wa x, ule mstari uliolala, badala ya mhimili wa y, ule uliosimama. Akaligeukia darasa akasema huyu ukimtuma juu atakwenda kulia. Walicheka mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Toka siku hiyo naitwa Kinyume, na pale stendi kuna jamaa bado ananiita Kinyume mbele ya mke wangu na watoto. Kosa lenyewe lilitaka dakika mbili za kuelekezwa, nikapewa jina la maisha. Mtihani wa hesabu sisimulii. Miaka ikapita, nikauza vocha, nikauza madafu, hayo tuyaruke.

Aliyenifungua macho ni mkwezi mmoja wa Mikindani, shule hajakanyaga. Kila nikimpa kazi swali lake la kwanza ni mnazi wa ngapi. Hata ningemwambia habari za madafu ya juu kabisa, anarudi palepale, mnazi wa ngapi, mana huwezi kukwea mnazi ambao hujaufikia. Siku moja nimekaa nahesabu madafu ikanigonga kichwani, yani hii ndo x na y! X ni kutembea, y ni kukwea. (3,4) unatembea hatua tatu kulia, unakwea nne. Ile (0,4) iliyoniponza hutembei kabisa, mnazi uko hapohapo uliposimama, wewe kwea tu. (4,0) umetembea nne na hukukwea, umerudi bila dafu. X ikiwa hasi unatembea kushoto. Y ikiwa hasi hukwei, unachimba kisima, kwa hiyo (2,-5) ni mbili kulia, afu tano kwenda chini. Unaanzia sifuri sifuri kila mara, pale mihimili inapokatana, sio kwenye nukta uliyotoka kuiweka.

Descartes, yule Mfaransa, alichapisha mambo haya ya kuunganisha aljebra na jometri mwaka 1637, na sidhani kama aliwahi kuona mtu anakwea mnazi.

Sasa ipeleke kwenye dunia. Ikweta ifanye mhimili wa x, mstari wa Greenwich, ule wa longitudo sifuri unaotoka kaskazini kwenda kusini, mhimili wa y. Sisi wa Mtwara na Lindi tuko kulia kwa Greenwich na chini ya Ikweta, x yetu chanya, y yetu hasi, robo ya nne. Ukiona kodineti (hizo namba za x na y za mahali) za huku zilizoandikwa kwa digrii hazina hasi wala herufi S ya kusini, ujue kuna mtu kaidondosha njiani. Shida inakuja hapa: shuleni tunataja x kwanza, ramani ya simu inataka latitudo kwanza, na latitudo, yani uko juu au chini ya Ikweta kiasi gani, ndo y. Kwa hiyo karatasi ya mjomba ilikuwa sahihi, simu nayo sahihi, ila aliyekuwa katikati hakuuliza ipi inatangulia.

Na najua nyote mnaosoma hapa mna mpango wa kiwanja au ekari mbili za korosho. Jamani, tembea kwanza afu kwea. Kabla hujatoa hela omba kodineti za kona zote, ziingize kwenye simu mwenyewe (huko latitudo ndo inatangulia), nenda ukasimame pale. Usiseme hesabu zilinishinda, mimi zilinishinda kuliko wewe. Na nyie wazazi, mtoto akikosea nukta msimcheke, na walimu msiwape watoto wa watu majina, mnafundisha namba mnaacha kovu. Tembea kwanza, afu kwea, mwambie hivyo tu, atashika.

Jumamosi hii narudi tena Masasi, majirani watatu wa mjomba nao wana karatasi zao. Safari hii nimeomba nauli kwanza.