Kuogelea Chole Bay, Mafia: tazama mwezi kwanza

Je, ukifikia Utende, kijiji cha ufukweni mwa Ghuba ya Chole (Chole Bay) kisiwani Mafia, unaweza kuogelea saa yoyote unayotaka? Hapana. Ghuba ya Chole ina kina kifupi upande wa pwani, maji yakipwa unabaki na mchanga, matope na mizizi ya mikoko hadi mbali. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana (mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo baada ya wiki hivi mambo yanageuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ila hayajai sana. Mimi nilifika mwezi mpevu, asubuhi, taulo begani. Nikawakuta kina mama wanaokota chaza pale nilipodhani nitapiga mbizi! Manahodha wa Utende ndio walionifundisha hesabu hii, na haijanidanganya.

Maji yakiwa yamekupwa, mwambie nahodha akupeleke kwenye fungu la mchanga, au uvuke hadi kisiwa cha Chole ukaone popo wakubwa na magofu.

Ukienda kwa papa potwe (whale shark), hao wako upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Na tenga pesa ya kiingilio cha hifadhi ya bahari, unalipia getini kabla ya kufika Utende. Usafiri wa bei nafuu ni boti ya kutoka Nyamisati, bandari ya bara, lakini kipindi cha upepo wa kusi inarusha kweli.