Unataka kuijua historia ya hevi metali? Anza na sikio

Wengi wanaotaka kujifunza historia ya hard rock na hevi metali huanza kwa kukariri matawi yake: thrash, doom, death, black metal. Orodha hiyo iweke kando kwanza. Majina mengi yalikuja baada ya muziki wenyewe, na mashabiki wanayabishania hadi leo. Chagua mlio mmoja wa gitaa, jiulize umetoka wapi, kisha ufuatilie.

Mimi hushauri watu waanzie Birmingham, Uingereza, jiji la viwanda vya chuma. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole na kuvivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize.

Sasa sikiliza albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970, halafu uweke ya tatu, Master of Reality, ya 1971. Katika nyimbo kadhaa za hiyo ya tatu nyuzi za gitaa zimelegezwa hadi sauti ikashuka nusu toni tatu, na utausikia uzito ukiongezeka kifuani. Sehemu ya uzito huo imetokana na jeraha la kiwandani. Albamu ya kwanza ilirekodiwa London kwa siku moja tu, kwa hiyo unachosikia kinakaribia sana bendi ikiwa jukwaani. Irudie ukimfuata Geezer Butler kwenye besi peke yake, kisha Bill Ward kwenye ngoma. Ward alilelewa na jazi, na mikono yake inalisema hilo waziwazi.

Ukishazoea hapo, rudi nyuma. Tafuta “You Need Love” ya mwanamuziki wa blues Muddy Waters, ya 1962, iliyotungwa na Willie Dixon, uisikilize sambamba na “Whole Lotta Love” ya Led Zeppelin ya 1969. Utayatambua maneno. Dixon alifungua kesi mwaka 1985, wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina lake limo miongoni mwa watunzi wa wimbo huo. Hapa nasisitiza kwa nguvu zote: anayesimulia historia hii bila Wamarekani weusi wa Mississippi na Chicago ameacha mzizi. Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943, na alichukua gitaa la umeme kwa sababu katika vilabu vyenye kelele gitaa la kawaida halikusikika. Hitaji hilo la kusikika ndilo lililousukuma muziki huu hadi kwenye maampi (vikuza sauti) makubwa aliyoanza kuyauza Jim Marshall huko London mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ule mlio wa kukwaruza nao ulitafutwa kwa makusudi: kwa wimbo wa 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks aliichanachana spika yake kwa wembe.

Kila unaposikiliza, andika daftarini mwaka wa kurekodiwa na mji wa bendi. Ni kazi ya dakika moja, lakini ndiyo itakayokuonyesha nani alimsikiliza nani. Kwa mfano, mpiga ngoma Lars Ulrich alisafiri hadi Uingereza mwaka 1981 akiwa kijana kwa ajili ya kuiona bendi ya huko, Diamond Head, na mwaka huohuo akaanzisha bendi ya Metallica huko Los Angeles. Ukiijua safari hiyo, albamu yao ya 1983 haitakuwa tena kelele iliyozuka ghafla California.

Na sisi wa pwani tuna mtu wetu humo. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Bendi yake, Queen, ilirekodi “Stone Cold Crazy” mwaka 1974, wimbo wa kasi ambayo bendi chache za wakati huo zingeithubutu. Metallica waliurudia mwaka 1990, na mwaka 1991 ukawapatia tuzo ya Grammy ya metali. Piga matoleo yote mawili, la Queen kwanza, na usikilize jinsi Metallica walivyolazimika kubadilisha kidogo sana.