Simama karibu na fundi mitambo

Swali la juma hili lilikuwa: "Nyimbo zote ziko kwenye simu. Kwa nini mtu bado alipe kiingilio kwenda kusikiliza bendi?" Jibu langu lina sharti. Kiingilio kinalipa kwa anayejua pa kusimama na saa ya kufika. Wengi wanaorudi nyumbani wakiilaumu bendi walijibanza mbele ya spika, wakahukumu kwa nyimbo mbili za mwanzo, kisha wakaondoka kabla chemko, ile sehemu ya kucheza, halijakolea.

Kwanza hilo la simu. Kamba nene ya gitaa la besi ikipigwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, yenye ukubwa wa kucha, haiwezi kutoa mtikisiko wa polepole namna hiyo. Inakupa kivuli chake tu, na tumba nazo zinabaki mlio wa juu bila kishindo. Kwa muziki wa dansi hasara hiyo ni kubwa, maana besi na tumba ndizo zinazouinua mguu. Halafu kuna urefu. Wimbo uliorekodiwa kwa ajili ya redio hukatwa. Ukumbini, chemko lile lile likipata wachezaji linaweza kwenda robo saa, mpiga solo akibadilisha maneno ya gitaa lake kila anapoona watu wameshika.

Sasa pa kusimama. Onyesho lenye vyombo vya maana huwa na meza ya mitambo katikati ya uwanja, ikilitazama jukwaa. Fundi aliyekaa hapo anachanganya sauti kwa masikio yake, hapo hapo alipo. Kwa hiyo mchanganyiko wa haki uko hatua mbili tatu mbele yake au ubavuni mwake. Ukienda chini kabisa ya jukwaa, spika kubwa za kushoto na kulia zinakuwa zimekupita; unachosikia ni drams na amplifaya za magitaa, na mwimbaji yuko kama mtu anayeongea chumba cha pili. Mbele ni pazuri kwa kuona vidole vya mpiga gitaa. Nenda kwa wimbo mmoja, kisha rudi.

Ukutani usikae. Mawimbi ya besi hugonga ukuta, yakarudi na kujumlishana na yale yanayokuja, ndipo unasikia ngurumo isiyo na nota. Kona ni mbaya maradufu, kwa sababu ina kuta mbili. Katika baa zenye paa la bati tatizo linageuka: matoazi na tarumbeta hurukaruka juu hadi maneno ya mwimbaji yanapotea, na dawa yake ni kutoka chini ya bati na kukaa upande ulio wazi. Kama mitambo imewekwa pembeni, jambo la kawaida sana kwenye baa, kanuni ya kumfuata fundi inavunjika. Hapo tafuta mstari wa katikati kati ya spika mbili, umbali unaokaribiana na ule uliopo kati ya spika zenyewe.

Usihukumu kwa wimbo wa kwanza. Majaribio ya sauti hufanywa ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakijaa, miili na nguo hunyonya sauti za juu na fundi lazima apange upya. Nyimbo mbili tatu za mwanzo ni zake, si zako. Ikifika ya nne bado unasikia mlio mkali wa maiki kila mwimbaji anaposogea, tatizo ni kwamba spika ya jukwaani imeelekezwa kwenye maiki, na hilo pengine halitapona usiku huo.

Kuhusu saa. Tangazo la bendi ya dansi likisema saa 3 usiku, chukulia kwamba saa 3 ni vijana wa kupasha: wanaimba kopi za zilipendwa huku waimbaji wenyewe wakiwa bado mezani. Kazi yenyewe hukolea baadaye sana. Anayetaka kusikia vizuri bila kukesha aende bonanza la Jumapili alasiri; mara nyingi kiingilio ni kinywaji, watu ni wachache na wanamuziki wana muda wa kuchezea nyimbo. Kwa maoni yangu bonanza ndiyo shule bora ya mshabiki mpya, kuliko onyesho kubwa la sikukuu ambako nusu ya watu wamekuja kuonana.

Wimbo wa dansi una vyumba viwili. Cha kwanza ni cha kuimba: hadithi inasimuliwa, tarumbeta na saksafoni zinaitika, watu wanacheza taratibu au wamekaa. Cha pili ni chemko: maneno yanapungua, solo inashika, rapa anaita majina, wanenguaji wanaingia. Mgeni husikiliza solo peke yake. Jaribu kumwangalia mpiga gitaa la ridhimu, yule asiyetazamwa na mtu. Yeye anarudia kitu kile kile kifupi, na solo inapita katikati ya nafasi alizoziacha. Ukishalinasa hilo, hata tofauti ya mitindo inaanza kusikika. Msondo Ngoma, iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz na kupita JUWATA na OTTU, ina uzito wake wa tarumbeta. Mlimani Park, yaani Sikinde, ya tangu 1978, hupanga sauti na magitaa kwa namna nyingine kabisa. Ubishi wa nani mkali sitauingia hapa. Nimeona watu wazima wakinyimana bia kwa sababu yake.

Kuna onyesho ambalo kiingilio chake hakilipi hata usimame wapi: lile ambalo msanii anaimba juu ya wimbo wake uliorekodiwa. Dalili ni rahisi. Jukwaani hakuna drams wala amplifaya, kuna kompyuta na mtu mmoja. Maiki inashuka kiunoni na sauti inaendelea. Wimbo unaisha kwa kufifia, jambo ambalo bendi ya watu hai haifanyi. Bendi hukata kwa ishara. Kabla ya kulipa, soma bango: likitaja bendi kwa jina, au likisema laivu bendi, una mahali pa kudai. Sauti za Busara, tamasha la Unguja lililoanza 2004, limejijengea heshima kwa kushikilia sharti la muziki wa laivu tupu, na ndiyo sababu mtu wa bara anavuka maji.

Tamasha hilo hufanyika Mji Mkongwe, kwa kawaida Februari, kitovu chake Ngome Kongwe, yenye jukwaa kuu uwanjani na jingine kwenye ukumbi wa ngazi. Kuta za mawe zile ni nzuri machoni, sikioni zina madhara yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 17 nyuma yako unakurudishia kila neno baada ya moja ya kumi ya sekunde. Ukisikia kofi la drams likiwa mawili, songa mbele hadi liwe moja. Kwenye ukumbi wa ngazi, safu za katikati hushinda zile za juu zilizo karibu na ukuta.

Ratiba ya siku ni ndefu, kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Usijaribu kuona kila kitu. Chagua vikundi vitatu au vinne, ufike dakika kumi kabla, na dakika za kubadilisha vyombo zitumie kwa chakula, maji na choo; msanii mkubwa akishaanza, nafasi ya kurudi ulipokuwa umesimama haipo tena. Bustani ya Forodhani, yenye wauza chakula, ni ng'ambo ya barabara tu, lakini hakikisha kwanza kwamba ukitoka unaruhusiwa kurudi. Utepe wa mkononi wa kuingilia usiufunge kwa kulegea ukidhani utauvua. Ukikatika au ukionekana umechezewa mlangoni watakukataa. Tiketi ya simu usiinunue kwa mtu wa mtandaoni aliyekutumia picha ya msimbo: picha ile ile inaweza kuuzwa kwa watu kumi, na anayeingia ni aliyeskaniwa wa kwanza.

Beba noti ndogo. Watu maelfu wakikusanyika mtandao huelemewa, na malipo ya simu yanakwama wakati mwuza maji ana foleni. Kwa sababu hiyo hiyo, kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipoteana. "Mbele ya jukwaa" si mahali. Februari ni kaskazi, joto na unyevu, hivyo kunywa kama nusu lita ya maji kwa kila saa unayocheza, na bia usiihesabu humo. Viatu vya kufunika vidole. Mji ni wa Waislamu: mabega na magoti yafunikwe unapopita vichochoroni.

Masikio. Mabomba ya spika kwenye maonyesho mengi hufikia desibeli 100, na Shirika la Afya Duniani katika viwango vyake vya mwaka 2022 limeweka hapo hapo ukomo kwa kumbi, ukipimwa kwa wastani wa dakika 15. Kanuni ya usalama kazini ni kali zaidi: desibeli 85 kwa saa nane, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu, kwenye 100 unabaki na robo saa. Pamba au karatasi ya choo sikioni ni kujidanganya. Nunua vizibo vya sponji katika maduka yanayouza glovu na helmeti za mafundi. Bei yake si kubwa. Visokote kwa vidole safi hadi viwe vyembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia nusu dakika kivimbe ndani. Kikibaki nje nusu, hakijaziba. Watu huvivua wakisema vinaua muziki. Kweli hupunguza sauti za juu, lakini maneno ya mwimbaji aghalabu yanasikika vizuri zaidi, kwa sababu sikio halijalemewa.

Taarabu ina adabu zake. Kwenye taarabu asilia ya vikundi kama Ikhwani Safaa, cha tangu 1905, au Culture Musical Club, watu hukaa na kusikiliza kanuni (chombo cha nyuzi nyingi), udi na fidla zikicheza bashrafu, yaani kipande cha vyombo vitupu, kabla ya mwimbaji kusimama. Usiongee hapo. Kutunza kunakuja baadaye: unasubiri ubeti unaokugusa, unainuka taratibu kwa mwendo wa wimbo, unampa mwimbaji noti mkononi au unaiweka pale wanapoweka wengine, unarudi ulikotoka. Usirushe pesa, usisimame mbele yake ukajipiga picha. Na tazama ubeti wenyewe: kwenye mipasho, ukiinuka kwa ubeti wa kumsema jirani, ukumbi mzima utamtafuta huyo jirani.

Jambo la mwisho ni kalenda. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa imeingia Februari. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8. Kwa hiyo tarehe za tamasha huenda zikasogea; usikate tiketi ya boti kwa kukumbuka za mwaka uliopita. Subiri tarehe rasmi, kisha wahi malazi kabla ya boti, maana vyumba vya Mji Mkongwe ndivyo vinavyoisha kwanza. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili, utatakiwa kitambulisho, na kutoka bandarini Malindi hadi Ngome Kongwe ni mwendo wa miguu wa robo saa. Ukiwa ni mtu wa kutapika baharini, kaa sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma.