Stenlesi nayo hupinda: ushauri kwa anayetaka jiko la nyama choma

Kila mteja anayekuja karakana kuagiza jiko la nyama choma la stenlesi huniuliza swali lile lile: "Fundi, hii si haipindi?" Inapinda. Tena kwenye moto mkali inaweza kukusumbua kuliko chuma cha kawaida. Ukinunua stenlesi umelipia zaidi kutoshika kutu. Kunyooka ni kazi ya mtengenezaji.

Kinachoharibu majiko mengi ni kutanuka. Stenlesi ya 304, hii ya masinki na meza za jikoni hotelini, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na ikipata joto hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida. Rodi ya mita 1 ikifika nyuzi 600 inarefuka kwa milimita 10 hivi. Sasa umeichomelea ncha zote mbili kwenye fremu ya engo (chuma cha pembe), na fremu yenyewe iko pembeni, haijapata moto kama huo. Hizo milimita 10 zitakwenda wapi? Rodi itabenuka. Na pale ilipobanwa huku imelainika, imeshajisindika ikawa fupi kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo ikipoa inaanza kuivuta fremu. Ukisikia "ta!" usiku jiko likipoa, kesho yake kagua viungo.

Niliwahi kuletewa jiko la baa likiwa na hali hiyo hiyo. Rodi za katikati, pale mkaa unapolundikwa, zilikuwa zimebonyea, nyeusi na zenye magamba. Ukifuata rodi moja kuelekea ukingoni, weusi unageuka bluu, halafu zambarau, halafu manjano ya majani makavu, na ncha bado inang'aa kama imetoka dukani. Rangi zile zinakusomea ramani ya joto, kwa sababu stenlesi haipitishi joto upesi: 304 hupitisha kama theluthi tu ya chuma cha kawaida. Katikati panaiva nyekundu, ncha hazina habari. Palipo moto panataka kutanuka, palipo baridi panakataa. Bati jembamba la stenlesi hukunjamana wakati wa kuchomelea kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana fundi anayeijua kazi hushikiza kwa nukta za karibu karibu, hupunguza ampea, na huruka huku na huku badala ya kwenda mstari mmoja mrefu.

Halafu kuna kulegea kwa taratibu. Watu hudhani chuma kikiwa hakijayeyuka basi ni salama. 304 huyeyuka kwenye nyuzi 1,400 hivi, lakini kuanzia kama 550, ikiwa imebeba uzito, huanza kuvutika na kurefuka kidogo kidogo. Saa moja huoni kitu. Baa inayochoma tangu mchana hadi usiku wa manane, mwezi baada ya mwezi, na feni inapuliza mkaa, itaona rodi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Waunda injini za ndege wanapambana na jambo hili hili. Mapanga ya turbini huyasubu kwa aloi ya nikeli yakiwa fuwele moja tu, kwa kuwa mipaka kati ya fuwele na fuwele ndipo utelezi unapopata njia. Hapa stenlesi naitetea: chuma cha kawaida huanza kulegea mapema zaidi, kwenye nyuzi 400 hivi.

Kuhusu kununua, sumaku peke yake haitoshi. Inanasa stenlesi ya aina ya 430, hainasi 304, sawa, lakini aina ya 201 ya bei nafuu nayo hainasi. Dai cheti cha mzigo, kinachoonyesha ni aina gani ya stenlesi. Hiyo 430 wala usiidharau: haina nikeli, inatanuka kidogo, na kuta za jiko zinazokaa mbali na mkaa zinaifaa sana. Ila haistahimili uzito kwenye moto mkali, na ukiichomelea ovyo kiungo kinakuwa kikavu, kinavunjika. Ipo pia 310, ya tanuru, yenye kromiamu asilimia 25 na nikeli 20. Kwa nyama choma naiona ni kutupa hela, maana inatanuka karibu kama 304.

Jiko likiwa langu naweka rodi za milimita 12, zimelala tu kwenye matundu ya fremu bila kuchomelewa, na nafasi ya milimita 15 mwishoni. Katikati napitisha mhimili wa chini. Nafasi kati ya mihimili ikiwa nusu, mkazo unaotokana na uzito wa rodi yenyewe unashuka hadi robo, kwa hiyo mhimili mmoja una faida kuliko kununua rodi nene zaidi. Bomba la mabati lisikaribie hapo kabisa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, moshi wake unaumiza, na ikigusa stenlesi yenye moto inaipasua.

Rodi zikiwa huru, mpishi anaweza kuzigeuza mwenyewe kila anaposafisha, jiko likiwa limepoa, upande uliobonyea ukae juu. Uzito na moto vitazirudisha chini vyenyewe, bila nyundo.