Viriba vya magazeti kwa miche ya matango

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasia matango katika viriba vya magazeti, lakini miche hunyauka mara baada ya kuihamishia bustanini, ingawa ninaimwagilia kila jioni. Je, wino ndio unaoidhuru?

JIBU: Ndugu msomaji, wino mweusi wa gazeti la kawaida hauna neno, epuka tu karatasi zinazong'aa za majarida, ambazo huchelewa kuoza. Ninachokishuku ni ukingo wa kiriba uliobaki juu ya ardhi, kwani karatasi iliyo wazi hufyonza maji kutoka kwenye udongo unaozunguka mizizi na kuyapoteza hewani, hata mche ukakauka ilhali bustani imelowa. Loweka kiriba kabla ya kupanda, chana kitako chake, kisha uchane ukingo au uufukie wote. Usikivue kamwe, kwa sababu matango hayapendi mizizi yake iguswe, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo faida kubwa ya viriba hivi kuliko vya plastiki. Unapovitengeneza, viringisha tabaka mbili tu za karatasi kwenye chupa ya soda, na uihamishe miche ikiwa na majani halisi mawili, yaani yale yanayochipua baada ya majani ya kwanza ya mbegu, kabla karatasi haijaanza kuchanika mkononi.